Reale ya 1780: Ipime Kabla ya Kuiamini

Katika masanduku ya familia nyingi za pwani imo sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Ni reale ya Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, na mwaka huo huwapotosha wengi. Malkia alifariki mwaka 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hawakutaka sarafu nyingine. Ikaendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule mjini Vienna, baadaye hata Roma, London na Bombay. Kwa hiyo reale yako yaweza kuwa halali na bado imetengenezwa karne ya 20. Hiyo si bandia. Bandia ni iliyomiminwa kwenye kalibu au kufanywa kwa madini duni.

Kwanza kabisa, usiisugue. Ndimu, ukwaju, majivu na dawa ya meno huondoa utando mweusi unaotusaidia kuichunguza, na mikwaruzo yake haifutiki tena. Ikiwa na vumbi, isuuze kwa maji safi, kisha ikandamize taratibu kwa kitambaa cha pamba.

Tafuta mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Reale nzima ina gramu 28.07 na upana wa milimita 40 hivi. Rupia ya fedha ya Wajerumani ina gramu 11.66. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini reale yenye herufi kali na gramu 25 tu inatia shaka kubwa. Iliyowahi kuvaliwa kwenye mkufu usiihukumu kwa uzito, kwa sababu lehemu huongeza na tundu hupunguza.

Uzito sahihi nao hughushiwa. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Reale ya fedha itasoma karibu gramu 2.75, ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma takriban 3.15. Povu likiganda kwenye sarafu, kipimo huharibika, basi litikise litoke. Sumaku hukamata chuma na madini mengine machache tu. Sarafu isiyonaswa bado yaweza kuwa ya risasi au shaba nyeupe.

Halafu tazama ukingo kwa lenzi, maana hapo waghushi wengi huumbuka. Reale halali ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Mshono unaozunguka ukingo, vitundu vidogo kama vya sukari iliyoyeyuka, au herufi zilizovimba ni dalili za kalibu. Ukiona sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, zote ni za kutiliwa shaka, kwani mkwaruzo wa sarafu ya asili hunakiliwa na kalibu.

Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani, ina mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882. Zimebaki nyingi, na si mali ya kughushiwa sana. Dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ndiyo ya kuogopa: gramu 7.17, na usiinunue bila kupimwa na mtaalamu.

Vipande vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa ni jambo jingine. Ukikiokota shambani au ufukweni, kiache na udongo wake, andika mahali ulipokikuta, kitie kwenye bahasha ya karatasi na uipeleke ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu.