Ampea-saa: namba inayosomwa vibaya kwenye betri ya boti

Ubavuni mwa betri utakuta maandishi kama 12V 100Ah. Volti hazimsumbui mtu. Hizo Ah ndizo ampea-saa, yaani ampea ngapi betri inaweza kutoa, kwa saa ngapi. Taa inayokula ampea 1 ikiwaka saa 5 imekula ampea-saa 5. Ni kuzidisha tu.

Kasoro ni kwamba namba ile hupimwa polepole. Betri nyingi za risasi na asidi hupimwa kwa kutumiwa kidogo kidogo kwa saa 20, kwa hiyo 100Ah maana yake ni ampea 5 kwa saa 20. Ukiiunga na mota ya umeme inayovuta ampea 50, usitegemee saa 2, kwa sababu betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya namba yake. Tena haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha hivyo, umri wake unapungua haraka. Kwa hiyo aliyenunua 100 ajihesabie ana kama 50, la sivyo atarudi kwa kasia.

Kwa vifaa vidogo hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Taa za ampea 1 kwa saa 5, kitafuta samaki cha nusu ampea kwa saa 6, na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayoingia chini botini) ya ampea 3 iliyofanya kazi saa 1: jumla 11. Zidisha mara mbili kwa sababu ya ile nusu, ongeza akiba kidogo, na betri ya 30Ah inatosha. Sioni sababu ya kubeba dude zito kwenye boti ndogo.

Ila kama betri ni ya kupiga stata, ampea-saa siyo namba ya kwanza kuitazama. Stata huvuta ampea nyingi mno kwa sekunde chache, basi. Betri ya kazi hiyo ina mabamba mengi membamba, na unaichagua kwa ampea za kuwashia: MCA, inayopimwa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, au CCA, inayopimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Betri ileile huonyesha MCA kubwa kuliko CCA, basi usilinganishe moja na nyingine. Betri ya kazi ndefu ina mabamba manene yanayovumilia kushuka na kujazwa tena na tena. Ukiipa ya stata kazi ya mota, utaiua mapema.

Lithiamu hutoa karibu namba yake yote na ina uzito chini ya nusu ya ile ya risasi, lakini ni ghali na inataka chaja inayoifaa.

Kuhusu matunzo, adui mkubwa wa betri ya risasi ni kukaa bila chaji. Salfeti, yaani utando unaotokana na risasi na asidi, hujijenga juu ya mabamba, ikiachwa inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu chaja haiiondoi. Ichaji mara ukirudi, usingoje safari ijayo. Ipumzishe saa kadhaa kisha uipime: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Zenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji safi ya betri, siyo asidi, na huongezwa baada ya kuchaji kwa kuwa maji hupanda wakati wa chaji. Kabla ya hapo ongeza tu ikiwa mabamba yako wazi. Chajia penye hewa, maana gesi inayotoka inalipuka.

Vichwa visafishwe chumvi, vipakwe grisi, na betri ifungwe isicheze. Mimi niliilaumu betri wiki nzima, nikaichaji, nikaipima, nikataka kununua nyingine. Kumbe nati ya upande wa hasi ilikuwa imelegea kwa kupigwapigwa na mawimbi, na niliikaza kwa vidole.