Mbao Haikwaruzwi Ili Gundi Ishike

Wiki hii nimeletewa kiti cha tatu chenye ugonjwa uleule. Ulimi wa mguu, yaani ncha iliyochongwa iingie kwenye tundu la kiungo, ulikuwa umechanwachanwa kwa meno ya msumeno, tundu limeshindiliwa gundi nyeupe, na mwenye kiti alinieleza, kwa uhakika wa mtu aliyerithi elimu hiyo kwa babu yake, kwamba mbao lazima ikwaruzwe ili gundi ipate pa kushika.

Nilipouvuta ulimi, ulitoka mzima. Ulikuwa umevaa ganda la gundi lenye unene wa karibu milimita 2, linalong'aa, lenye vitundu vya mapovu, na halikuwa limeng'oa hata uzi mmoja wa mninga. Kiungo kilichoshika sawasawa, ukikivunja kwa nguvu, huchanika kwenye mbao yenyewe.

Gundi nyeupe ni punje ndogo mno za plastiki zilizomo ndani ya maji, na maji hayo hukaribia nusu ya uzito wake. Mbao huyanyonya, punje husogeleana na kuungana, na gundi yote hunywea. Katika utando mwembamba kunywea huko hakudhuru, lakini ndani ya mifereji uliyoichimba kwa msumeno huacha nyufa na uwazi, maana gundi haikuumbwa kuwa lipu. Wala haining'inii kwenye mikwaruzo kama kupe. Hushika kwa kuugusa uso wa mbao kwa ukaribu mkubwa, na uso bora ni ule uliotoka kwenye randa kali leo hii. Randa butu huponda nyuzi, na nyuzi zilizopondwa ndizo zitakazoachia kwanza.

Kwa msaji (mtiki), hata hivyo, nakiri kwamba ukali wangu hupungua. Msaji uliopigwa randa zamani huwa na mafuta usoni, na msasa namba 120 husaidia kweli, kwa kuwa unaondoa ngozi ile iliyochakaa, si kwa mikwaruzo yake. Kwa hiyo babu huenda alipatia kwa sababu isiyo sahihi. Vitabu hushauri pia kuupangusa kwa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Nimefanya hivyo, nikaacha, na katika msaji uliotoka randani sijawahi kuona tofauti nilipovivunja viungo.

Mengine ni mepesi: kichwa cha mbao, yaani ncha iliyokatwa kukingama nyuzi, hunywa gundi, kipake mara mbili, klampu ya kubania kiungo ikae walau saa moja, usikalie kiti kabla ya saa 24, kitakachonyeshewa mvua kitafutie gundi inayostahimili maji, ya daraja la D4 au epoksi.

Ulimi ule nimeubandika vibanzi vya mninga pande zote mbili, kisha nikaupiga randa mpaka ukaingia tunduni kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo. Mwenyewe amekwisha kunipigia simu kuuliza nitaongeza misumari mingapi.