Je, wajua kwa nini chembe ya risasi iliyofungwa ndani ya alumini huchelewa kuyeyuka?

Risasi, ile metali laini na nzito inayotumika katika betri za magari, huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Hata hivyo, mwaka 1990 watafiti wa Denmark waliingiza ioni za risasi (atomu zenye chaji ya umeme) ndani ya fuwele ya alumini, yaani kipande ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu, wakawa wanaichunguza kwa eksirei huku wakipandisha joto, na wakaona kuwa chembe za risasi zilizojikusanya humo ziliweza kubaki yabisi hata zaidi ya nyuzi 60 juu ya kiwango hicho. Chembe zenyewe hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Alumini iliyozizunguka haikuwa hatarini, kwa kuwa yenyewe husubiri hadi nyuzi 660.

Jibu limo katika mitetemo. Atomu za kitu yabisi hazitulii: kila moja hutetemeka mahali pake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mtetemo unavyopanuka. Mwaka 1910 mwanafizikia Frederick Lindemann alipendekeza kuwa kitu huyeyuka pale mtetemo huo unapokuwa mpana mno ukilinganishwa na nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu; kwa kawaida huchukuliwa kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi hiyo. Sasa, atomu iliyo usoni ina majirani upande mmoja tu, kwa hiyo hupepesuka zaidi kuliko zile za ndani, nayo hufika kwenye kikomo mapema. Ndiyo maana kuyeyuka huanzia nje. Mwaka 1985 Joost Frenken na J. F. van der Veen, nchini Uholanzi, walionyesha kuwa uso wa fuwele ya risasi, ukikatwa katika mwelekeo fulani, huanza kupoteza mpangilio wake kabla ya nyuzi 327 kufika.

Katika kipande kikubwa cha metali uso ni sehemu ndogo isiyo na uzito katika hesabu. Katika chembe ya risasi yenye kipenyo cha nanomita 5 mambo ni tofauti kabisa, kwani ina atomu zipatazo 2,000 na karibu theluthi yake ziko usoni. Chembe kama hiyo ikiwa huru huyeyuka mapema. Dhahabu, ambayo kwa kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, ilipimwa mwaka 1976 na wanafizikia Buffat na Borel, na chembe zake za nanomita 2 hivi zikaonekana kuyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo.

Alumini huugeuza mchezo huu. Fuwele zake na za risasi zina mpangilio wa aina moja, na ingawa nafasi kati ya atomu za risasi ni kubwa zaidi, chembe hukua ikiwa imeelekea sawasawa na fuwele inayoizunguka. Atomu ya ukingoni hupata majirani pande zote, ikabanwa kama abiria aliyesimama katika daladala iliyojaa, asiyeweza kuyumba hata dereva akifunga breki. Ukingo uliokuwa mlango wa kuyeyukia unafungwa.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni huu: risasi na alumini zikisagwa pamoja katika kinu cha mipira ya chuma, chembe hupatikana vilevile, lakini zimekaa ovyo bila kuelekeana na alumini, nazo huyeyuka chini ya nyuzi 327. Metali ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni namna zinavyogusana.

Kurudi kwenye hali ya yabisi nako kuna ukaidi wake. Ili tone ligande, ni lazima kwanza atomu chache zijipange kuwa mbegu ya fuwele, na katika tone dogo namna hii mbegu hiyo haipatikani kwa urahisi. Katika jaribio la Denmark kuganda kulichelewa hadi takriban nyuzi 20 chini ya kiwango cha kawaida. Kwa hiyo kuna upana wa nyuzi themanini hivi ambamo chembe ile ile, kwenye joto lile lile, huweza kuwa yabisi ikiwa imetoka kwenye ubaridi, au kimiminika ikiwa imetoka kwenye joto kali zaidi.