Video inayotikisika: programu inaweza nini, na nini haiwezi

"We piga tu, tutaituliza kwenye kompyuta." Ukikaa karibu na wapiga video wa harusi, kauli hiyo utaisikia kabla bibi harusi hajashuka garini. Si uongo mtupu. Warp Stabilizer, kitulizi cha video kilichoingia kwenye programu za Adobe, After Effects mwaka 2011 na Premiere Pro mwaka uliofuata, imeokoa klipu nyingi ambazo zamani zingetupwa. Tatizo ni yale watu wanayoyaamini juu yake.

Dhana: programu inaondoa mtikisiko, picha inabaki vilevile.

Picha haibaki vilevile. Programu inatafuta alama zinazoonekana fremu hadi fremu, tuseme kona ya mlango au doa ukutani, inapima zilivyohama, kisha inaisogeza kila fremu kinyume chake. Fremu ikisogezwa kushoto, ukingo wa kulia unabaki mweusi, na ili kuuficha weusi huo picha inakuzwa. Gharama iko hapo. Klipu ya 1920 kwa 1080 ikikuzwa kwa asilimia 10, upana uliobaki ni pikseli kama 1745, zikitandazwa kujaza 1920. Hiyo wengi hawaioni. Kwa asilimia 25 unabaki na 1536, nywele zinaanza kufifia na shangazi aliyesimama pembeni anakatwa uso. Ndiyo maana wajanja hupiga 4K, yenye upana wa pikseli mara mbili, hata kama kazi itatoka 1080, na huacha nafasi ya kutosha juu ya vichwa.

Dhana: ukiongeza nguvu, inatulia zaidi.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Warp Stabilizer ikiwekwa tu, "Smoothness", yaani nguvu ya kutuliza, inakuja ikiwa asilimia 50 na njia yake ni "Subspace Warp", inayopinda sehemu mbalimbali za fremu kwa viwango tofauti. Sasa chukua bibi harusi anaingia ukumbini: mpiga video anarudi kinyumenyume, na kati yake na maharusi wageni wanaruka na kushangilia. Programu inatafuta kilichosimama, lakini kilichojaa kwenye fremu ni mabega ya watu. Ikiyashika hayo mabega, mabega yanatulia na ukuta wa nyuma ndio unaopepea kama pazia. Ukipandisha hadi 100, pazia linazidi.

Dawa ni kwenda kinyume. Shusha hadi 10 au hata 5, badilisha njia iwe "Position, Scale, Rotation", inayosogeza, kukuza na kuzungusha fremu nzima bila kuipinda, na kama bado inayumba, jaribu "Position" peke yake. Kwenye After Effects unaweza pia kuzichagua alama zilizokaa juu ya watu ukazifuta, ikabaki na zile za ukutani. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa klipu ambayo familia itairudia miaka yote, mimi naona inastahili.

Dhana: ikishatulia, itaonekana safi.

Ukumbini mna giza, kamera inaacha shata (mlango wa mwanga) wazi muda mrefu zaidi, na mkono ukicheza katika muda huo, ukungu unaingia ndani ya fremu yenyewe. Programu inahamisha fremu. Ukungu unahama nayo. Matokeo yake ni picha iliyosimama tuli ambayo kila baada ya muda inafifia na kurudi, na kwa macho yangu hiyo inakera kuliko mtikisiko wenyewe. Kama unajua klipu itatulizwa, piga kwa shata ya sekunde 1/100 badala ya 1/50. Utapoteza nusu ya mwanga, kwa hiyo ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, itapanda. Umeme wetu ni wa Hz 50, na kasi zote mbili zinakubaliana nao. Ukienda 1/120, baadhi ya taa za ukumbi zitaanza kumwekameweka.

Dhana: washa kila kitulizi, kwenye kamera na kwenye programu.

Inategemea ni kitulizi gani. Kile cha ndani ya lenzi kinasogeza vioo na kupunguza ukungu kabla haujatokea, kwa hiyo kiache kikiwa kimewashwa. Kile cha kielektroniki cha simu kimeshakata kingo na kupinda picha, na programu ikija juu yake inakata mara ya pili. Gyroflow, programu nyingine ya kutuliza, ni habari tofauti: haisomi picha, inasoma jairoskopu ya kamera, kipimo kinachorekodi kamera ilivyozunguka. Hiyo hata kitulizi cha lenzi kinaweza kuichanganya, maana lenzi imesogea na jairoskopu haina habari.

Dhana: bila programu ya kulipia huwezi.

Unaweza. DaVinci Resolve ya bure inatuliza, Kdenlive na Shotcut pia, na Gyroflow hailipiwi.

Dhana: klipu nzuri haitikisiki hata kidogo.

Hotuba ya baba mzazi, sawa: weka "No Motion", itulie kama iko kwenye stendi. Lakini muziki ukikolea na kamera iko katikati ya wachezaji, klipu hizo siziwekei kitu.