Kisu hakisambazi kansa ya mdomo: tunayoambiana Mtwara na yaliyo kweli

Mjomba wangu wa Tandahimba alianza na kidonda pembeni mwa ulimi, kikubwa kama punje ya mahindi. Hakikuuma. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguliwa, kwa hiyo kila aliyemwonyesha alikuwa na jibu tayari: umetafuna korosho mbichi, mafuta ya ganda yamekubabua. Akasukutua maji ya chumvi. Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu akasubiri malipo. Kidonda kilipofikia ukubwa wa kifungo cha koti na maumivu yakapanda hadi sikioni, ndipo akateremka Mtwara mjini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Haya niliyasikia barazani, kwenye foleni ya feri ya Msangamkuu na kwenye mabenchi ya wagonjwa, na nimeyapanga pamoja na majibu ya madaktari.

"Ni mafuta ya korosho tu."

Mafuta ya ganda hubabua kweli, hilo hakuna wa kutufundisha sisi. Ila babuko hupona. Vidonda vingi vya kawaida vya mdomoni hufunga ndani ya wiki mbili. Kikifika wiki tatu kipo palepale, kitazamwe na daktari wa meno au wa masikio, pua na koo, hata kama hakiumi. Hapo ndipo tunapopotea: tunapima ugonjwa kwa maumivu, na saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi. Utando mweupe usiofutika ni wa kuangaliwa, na ule mwekundu ni wa kuogopwa zaidi. Jino likilegea bila sababu, shimo la jino lililong'olewa likikataa kufunga, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au uvimbe ukitokeza shingoni, usingoje. Sikio la mjomba lilikuwa zima kabisa. Mishipa ya fahamu ya ulimi na ya sikio imeungana njiani, ndiyo maana kidonda cha ulimi kinaweza kulia sikioni.

"Ni ugonjwa wa wavuta sigara."

Sigara imo, tena mbele kabisa, na ugoro umo. Nipa, pombe yetu kali ya mabibo, nayo imo. Anayekunywa na kuvuta hatari zake mbili hazijumlishwi, huzidishana. Lakini bibi wa Mikindani asiyewahi kugusa sigara, mwenye tambuu yake shavuni tangu usichana, naye yumo: popoo, ile kokwa inayotafunwa na tambuu, hata peke yake bila tumbaku, iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 2004. Wapo pia wanaopata saratani ya koo, hasa kwenye tonsili, kutokana na kirusi cha HPV, kilekile cha saratani ya mlango wa kizazi. Na ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi ya mdomo, masikio na shingo kwa jua hili letu.

"Kisu kikigusa, inasambaa."

Hili ndilo lililotuchelewesha kuliko mnada. Daktari alitaka kukata kipande cha kidonda akakipime; kikao cha familia kikakaa siku mbili. Mama mdogo alisema, "Baba fulani alikatwa kipande cha nyama, hakumaliza miezi mitatu." Hakudanganya. Yule baba alifika hospitali shingo imejaa, hawezi kumeza mate. Kipimo kilimkuta ugonjwa ukiwa tayari umetembea, kikabeba lawama ya miezi yote iliyotangulia.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko hofu yake. Mjomba alichomwa ganzi, daktari akakata kipande kama punje ya mchele ukingoni mwa kidonda, akakitia kwenye chupa ya fomalini. Mtaalamu wa patholojia hukikata vipande vyembamba sana, akavitia rangi na kuvitazama kwa darubini. Kabla ya hapo hakuna anayejua kama ni saratani, kifua kikuu au fangasi, na hakuna daktari mwenye akili atakayekata ulimi wa mtu kwa kukisia. Kuchukua kipande cha kidonda cha mdomoni hakuufanyi ugonjwa usambae.

Hata hivyo dhana hii ina chembe ya ukweli, na nisipoitaja nitakuwa nadanganya upande wa pili. Uvimbe wa shingoni haufai kupasuliwa kwa pupa kabla chanzo chake hakijatafutwa mdomoni na kooni. Kwanza huchomwa sindano nyembamba kuvuta chembe. Na uvimbe wa saratani ukikatwa nusu, nusu iliyobaki haitulii.

Kinachonishangaza ni kwamba wanaokimbia kisu cha daktari ndio haohao wanaompeleka mtu kukatwa kimeo. Kikohozi, kimeo. Sauti imekwama, kimeo. Mkataji ana wembe, pengine ule alioutumia kwa mtoto wa jirani. Kimeo hakileti saratani na kukikata hakuitibu; mgonjwa hutoka pale na kidonda kipya huku kile cha zamani kikiendelea.

"Watamkata ulimi wote, awe bubu."

Daktari wa upasuaji huondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa kuuzunguka, kama sentimita moja kila upande. Kwa uvimbe mdogo, sehemu kubwa ya ulimi hubaki na mtu husema. Ukiwa mkubwa, pengo huzibwa: kwa ngozi ya kigasha ikihamishwa na mshipa wake wa damu, kwa mfupa mwembamba wa mguuni taya likiondolewa, au kwa msuli wa kifua unaogeuzwa na kupandishwa shingoni. Tundu la kupumulia shingoni mara nyingi ni la muda. La kudumu ni la aliyetolewa zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti. Mjomba alipoteza karibu theluthi ya ulimi. Herufi r imemshinda, lakini nani Tandahimba alikuwa nayo?

"Kidonda kipo ulimini, shingo inahusu nini?"

Swali hili lilikuwa langu. Shingo haikuwa na uvimbe wowote na daktari akataka kuifungua. Nilidhani wanatafuta wa kujifunzia.

Chembe za saratani ya mdomo zikitoroka, kituo chao cha kwanza huwa tezi za shingoni, na zinaweza kukaa humo zikiwa ndogo mno kuonekana kwa mkono, hata kwa picha ya CT. Upasuaji wa kuondoa tezi hizo kwa mpango ulielezwa na Mmarekani George Crile mwaka 1906. Kwa miaka mingi madaktari walibishana: uondoe tezi mapema, au usubiri zivimbe? Jibu zito lilitoka Mumbai, Hospitali ya Tata Memorial, mwaka 2015, kwa wagonjwa wenye saratani changa ya kinywa na shingo isiyo na uvimbe. Baada ya miaka mitatu, walioondolewa tezi mapema walikuwa hai asilimia 80. Waliosubiriwa, asilimia 67.5. Nilipoelezwa hivyo niliacha kubisha. Tezi mbili za mjomba zilikutwa na ugonjwa.

"Mtoto kavimba taya, ni jino."

Taya la mtoto likivimba na kuongezeka siku hadi siku, likilegeza meno, linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani iitwayo hivyo kwa daktari Denis Burkitt aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Hupatikana zaidi kwenye malaria nyingi, kama kwetu. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini tiba yake ni dripu za dawa za saratani na wengi hupona wakiwahi. Kwa upande mwingine, taya la mtu mzima linalovimba polepole kwa miaka linaweza kuwa ameloblastoma, ambayo kwa kawaida si saratani ila haiondoki bila upasuaji.

"Ukipelekwa Ocean Road hurudi tena."

Watu wanarudi kutoka hospitali hiyo ya saratani ya Dar es Salaam, nimepanda nao basi. Tatizo la Ocean Road kwa mtu wa kusini ni kilomita zaidi ya 500 na pa kulala. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki sita, na ile inayofuata upasuaji inatakiwa ianze ndani ya wiki sita baada ya kisu. Ndiyo kusema huwezi kupasuliwa ukarudi kijijini kungoja mnada. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Kilwa, hata mwenye nauli alikwama. Ulizieni mapema ndugu wa Dar, kabla tarehe haijatoka.

Na jambo ambalo hakuna aliyetuambia barazani: meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi haufungi vizuri ukichokonolewa baadaye. Mjomba aling'olewa manne. Mpaka leo analalamika kwamba alikwenda kwa ajili ya ulimi, wakamrudisha kibogoyo.