Utulivu wakati wa mlipuko wa ugonjwa: yanayosemwa Nyanda za Juu Kusini na yaliyo kweli

Mvua zinapokolea kati ya Desemba na Aprili, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huwa na sababu ya kukitazama kipindupindu kwa jicho la pekee, hasa ukanda wa Kyela ulioko kando ya Ziwa Nyasa na barabara kuu ya Tunduma inayopitisha malori usiku na mchana. Mlipuko ulioanza Malawi mwezi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, na kati yetu na jirani huyo kuna mto Songwe tu. Ugonjwa ukikaribia, maneno hutangulia. Yanayohusu dawa na vimelea angalau hupata wa kuyasahihisha. Yanayohusu hofu yenyewe huachwa yapite, ingawa ndiyo yanayoamua kama mtu atawahi zahanati au atajifungia ndani.

"Wananchi wakiambiwa ukweli wote watataharuki."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa na watu wenye nia njema. Enrico Quarantelli, mwanasosholojia wa Marekani aliyeshiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1963, alichunguza kwa miongo kadhaa jinsi watu wanavyoenenda wakati wa maafa, akabaini kuwa taharuki ya umati ni jambo la nadra. Kwa kawaida watu hutafutana, husaidiana na hufuata maelekezo yanayoeleweka. Anayeishi huku hahitaji kwenda Ohio kulithibitisha: habari ya msiba ikishafika mtaani, muda si mrefu kina mama wamegawana kazi za kuni, maji na jiko, na vijana wamesimamisha turubai. Kinachowayumbisha watu ni tangazo linalosema "msiwe na wasiwasi" na kuishia hapo, bila kutaja kisima kilichofungwa, kata yenye wagonjwa, wala mahali pa kumpeleka mtu aliyeanza kuharisha. Marburg, homa kali inayoletwa na virusi, ilipotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023, ugonjwa ulitajwa kwa jina na mkoa ukatajwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Takwimu za namna hiyo zinatisha, lakini mtu aliyeko Iringa akizipata anajua hatari iko wapi na ina ukubwa gani.

Watoto nao ni hivyo hivyo. Mtoto anayeona ndoo ya kunawia imewekwa mlangoni huku wazazi wakinong'ona hujitungia maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi huwa mabaya kuliko hali yenyewe.

"Moyo ukienda mbio na tumbo likivurugika, tayari umeambukizwa."

Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hudunda haraka, pumzi huwa fupi, viganja hupoa na kulowa jasho, na tumbo huvurugika kiasi cha kumpeleka chooni. Msimu wa kipindupindu, hilo la mwisho peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi. Kipindupindu kikali hakifichiki: choo ni majimaji mengi meupe yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, mfululizo, mara nyingi bila homa, na ndani ya saa chache mgonjwa amelegea. Mwenye dalili hizo asikae nyumbani kujipima woga wake. Anywe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, njiani huku akipelekwa kituo cha afya.

Mwaka 2020 ulisambaa ujumbe kwamba anayeweza kubana pumzi kwa sekunde 10 bila kukohoa hana korona, na Shirika la Afya Duniani likaukanusha. Pumzi haipimi ugonjwa, lakini ina kazi nyingine. Vuta hewa taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, na uendelee hivyo kwa dakika chache; pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, sehemu ya mfumo wa neva inayopunguza mapigo ya moyo hupata nafasi ya kufanya kazi. Wengine husaidiwa zaidi na kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili na kutaja kwa sauti vitu vitano wanavyoviona: mlima Loleza, bati la jirani, bajaji, kuku, kamba ya kuanikia nguo. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na pengine ndiyo sababu watu wazima hulifanya kwa kujificha, lakini huitoa akili kwenye yale yanayoweza kutokea kesho na kuirejesha mahali mwili ulipo. Kifua kikiuma au pumzi ikikata bila kupata nafuu, hilo ni la daktari.

"Anayefuatilia habari kila saa ndiye aliyejiandaa."

Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili 2013, watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu waliokuwapo pale na wale walioangalia habari zake kwa saa sita au zaidi kila siku. Waliokesha kwenye habari walikuwa na dalili kali zaidi za msongo wa mawazo kuliko walioshuhudia tukio. Lile lilikuwa shambulio, halikuwa ugonjwa, lakini sioni kwa nini simu iwe na huruma zaidi kwetu.

Chukua ile sauti inayorushwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Wapendwa, nisikilizeni, mdogo wangu yuko hospitali, wamekatazwa kusema." Haina jina, haina tarehe, haina kata, na mwisho wake ni agizo la kuisambaza kwa wengine. Asubuhi na jioni zinatosha kupata taarifa ya Wizara ya Afya au ya mganga mkuu wa wilaya, na mwenye swali anaweza kupiga 199 bila malipo.

"Kuogopa ni kukosa imani."

Makanisa na misikiti ya huku hubeba watu wakati wa shida kuliko taasisi nyingine yoyote niijuayo, na sala huwatuliza wengi kwa dhati. Hata hivyo adrenalini haichagui muumini. Anayeambiwa kwamba hofu yake ni dhambi hujifunza kuificha, kisha huficha na kuharisha kwake, na hapo ndipo madhara huanza.

"Huku kwetu ni baridi, kipindupindu ni cha Pwani."

Upo pia utulivu wa uongo. Maji ya chemchemi yanayoshuka milimani Rungwe au Makete ni baridi na meupe kwa macho, na wengi huyanywa bila kuyachemsha. Vimelea vya kipindupindu husafiri kwa kinyesi kilichoingia kwenye maji au chakula. Ubaridi wa maji hauyafanyi yawe salama. Sababu ya kweli ya kutulia ni nyingine: wengi wanaoambukizwa hawapati dalili au hupata nyepesi, na mgonjwa akiwahi kutibiwa, vifo hushuka chini ya asilimia 1. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu, vitamshikiza mgonjwa hadi afike kituoni.

"Ulanzi kidogo hutuliza."

Pombe hii ya mianzi hutuliza kwa saa moja au mbili, huenda. Kisha usingizi hukatika usiku wa manane, na wasiwasi wa asubuhi huwa mkubwa kuliko wa jana. Kikombe kimoja kinachozunguka mikononi mwa watu wanane ni tatizo jingine tena.

"Mlipuko ukitangazwa kwisha, hofu nayo huisha."

Kwa Marburg, tangazo hutolewa baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao virusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Kwa mtu aliyeuguza au aliyezika hakuna hesabu kama hiyo. Kumlazimisha asimulie yote kwa kikao kimoja ili "atoe lililo moyoni" hakushauriwi na Shirika la Afya Duniani. Kumsikiliza anapotaka kusema, kumsaidia kazi za shamba na kumfikisha panapotolewa huduma kunamfaa zaidi. Kukosa usingizi, kushtuka ovyo au kukata tamaa kukidumu kwa wiki kadhaa, aende kituo cha afya aeleze hivyo hivyo, apewe rufaa ya kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.