Kutetemeka Baada ya Sindano au Dripu: Maswali ya Ndugu wa Wagonjwa

Mgonjwa hufikishwa kwetu hospitalini siku ya tatu. Alichomwa sindano mtaani, usiku uleule akatetemeka, akafunikwa mablanketi, akaambiwa dawa inafanya kazi. Tunachelewa sote kwa sababu ya maneno hayo.

Kwani kutetemeka si dalili kwamba dawa inapambana na ugonjwa?

Hapana. Dawa haipambani kwa kumtetemesha mtu. Baridi kali na homa vikianza ghafla baada ya sindano au dripu, huenda bakteria au sumu yao imeingia kwenye damu. Kama dripu bado inaingia, mwite muuguzi aifunge palepale. Msiiache imalizike eti imelipiwa. Kama mko nyumbani, njooni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku.

Ni kweli, mgonjwa wa malaria naye hutetemeka. Kutofautisha ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Dawa inachafukaje wakati imetoka kiwandani safi?

Mara nyingi huchafukia mikononi mwetu: bomba la sindano lililokwisha kutumika, kifuniko cha kichupa kisichopanguswa kwa spiriti, kichupa kilichofunguliwa jana kikatumika tena leo.

Mwezi Mei 2017, eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Uchunguzi ulikuta bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku zote nne za zoezi, vichupa vilikaa bila baridi, na waliochoma hawakuwa na mafunzo, wengine watoto wa miaka 12. Chanjo ya surua haina kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia bakteria wasikue ndani yake. Ikishachanganywa hutupwa ndani ya saa 6 au zoezi likiisha, lolote litakalotangulia. Basi mama, ukiambiwa kiliniki urudi siku watoto watakapokuwa wengi, au ukiona muuguzi anatupa iliyobaki, usigombe naye. Na mtoto kupata homa kidogo baada ya chanjo ni kawaida. Akilegea, akitapika mfululizo au akiharisha, mlete haraka.

Dawa iliyobaki naiweka kwenye friji. Inaonekana angavu kabisa.

Bakteria wanaweza kuwa maelfu kwa maelfu katika mililita moja na dawa ikabaki angavu. Friji huwapunguzia kasi tu, haiwaui. Kichupa cha dozi moja kikishatobolewa, kilichobaki ni taka. Insulini ni tofauti kwa sababu ina kihifadhi, lakini nayo nyingi mwisho wake ni siku 28 tangu ifunguliwe, na kichupa ni cha mtu mmoja.

Maji ya kuchemsha hayafai kuchanganyia dawa ya unga?

Hayafai. Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini sumu waliyoiacha hubaki. Tumia maji ya sindano yaliyofungwa, basi.

Nina kanula mkononi (kijimpira cha kupitishia dawa kilichoachwa kwenye mshipa), nimalizie sindano za masaa nyumbani?

Kanula ni mlango wazi kwenye mshipa. Binamu aliyewahi kuishi na muuguzi hajawa muuguzi. Rudi kituoni kila muda wa dozi. Na muuza duka la dawa kazi yake ni kuuza dawa. Kuchoma sindano haruhusiwi. Pakivimba, pakiuma au pakiwa pekundu, kanula itolewe siku hiyohiyo.

Pamevimba nilipochomwa. Nikande kwa maji moto?

Kukanda hakutoi usaha. Jipu hupasuliwa na kusafishwa hospitali. Wapo wanaokwenda kuchomwa sindano nyingine kalio la pili ili kutibu la kwanza! Tafadhali.

Hospitalini kwenyewe niangalie nini?

Bomba lifunguliwe mbele yako, mikono ioshwe, kichupa kipanguswe. Uliza. Muuguzi akinuna, mwache anune.

Mbona jirani alitetemeka akapona bila hospitali?

Alibahatika. Nasema tena: kutetemeka baada ya sindano si dawa kufanya kazi. Mgonjwa akianza kuhema haraka, kuchanganya maneno, mikono na miguu kuwa ya baridi au mkojo kupungua, maambukizi yameshasambaa kwenye damu, na kila saa mnayosubiri inapunguza nafasi yake ya kupona. Msisubiri kupambazuke. Msimpe dawa ya homa mkarudi kulala.

Tuje na nini?

Kichupa, chupa ya dripu na mpira wake, hata kama vimeisha. Msivioshe; lebo ina namba ya toleo tunayoihitaji. Andikeni saa aliyochomwa na saa alipoanza kutetemeka. Na mtuambie ukweli alichomewa wapi. Hatutafuti wa kumshtaki, tunataka kujua ni dawa gani iliyoingia mwilini.